Mchanga wa Bahari Kihambani

Harufu inanipata kabla sijamaliza kufungua mfuko. Ni mchanga hai, wenye vijidudu vyake, wa kuongeza kwenye tangi la samaki wa bahari hapa hotelini Moshi. Naushusha taratibu kwa bomba hadi chini, usije ukafunika matumbawe.

Harufu hii niliijulia utotoni kwetu Kirua, kwenye kihamba, shamba la ukoo wetu, mbali na bahari. Baba alikuwa amezama Tanga na mwili haukupatikana. Bibi alikataa kaburi tupu. "Mwanangu atalala kihambani, chini ya migomba yake," alisema, akamtuma baba mdogo akachote mchanga pale ufukweni alipoonekana mara ya mwisho.

Uliletwa kwenye kiroba, bado umelowa, unanuka chumvi na kitu kilichooza. Baba mdogo akaumimina shimoni huku wanawake wamemshikilia mama. Mchanga ukafumuka kidogo. Akatoka kaa mdogo, mweupe, akaanza kupanda udongo mwekundu.

"Bibi, kuna kitu kinatoka," nilisema.

Bibi alimtazama yule kaa mpaka akakaribia ukingo. Kisha akawageukia wenye makoleo.

"Fukieni upesi. Mwanangu asije akaondoka tena."