Mwambie Nimelala

"Hapana Sista, mimi siandikangi wagonjwa kwa hadithi za redio. Naandika watu wa kichwa yangu."

"Na hiyo kichwa inashinda wapi mchana yote? Si hapa kwa wodi yangu?"

Mimi nikibanwa nasema tu chenye kimekuja. Nikamwambia hata yeye anaimbanga kwaya, na hakuna mtu amewahi kusema ataweka wagonjwa kwa wimbo.

Tulikuwa tunakunja shuka, mimi na huyo Sista mkubwa wa wodi, yeye ameshika pembe mbili na mimi mbili. Akavuta upande wake mpaka nikajikuta karibu na uso yake.

"Sikiliza, mtoto wa Kitale. Juzi yule mama wa dirishani alikuwa anaambia dada yake mambo ya nyumbani kwake. Ukaingia na thamomita, akanyamaza. Unajua alisema nini ukitoka? Alisema tungoje huyo aende mbali, atatupeleka kwa ledio. Sasa mgonjwa akianza kunyamaza, mimi nitajua aje anaumwa wapi?"

Hiyo ilinichoma. Nilikuwa nafikiri wagonjwa wananipenda.

"Siku nitasikia mtu wa wodi yangu kwa hiyo ledio," akasema, "utaenda kukunja shuka ya kwenu."

"Hutasikia."

Niliahidi mbio mbio, vile nafanyanga kila kitu, nikachukua shuka nikaenda.

Hospitali yetu ilikuwa ndogo, huko Bungoma upande wa Webuye, na mimi nilikuwa msaidizi tu wa manesi. Nilikuwa nimemaliza fomu four, pesa ya chuo haikupatikana, nikashika hiyo kazi. Kuosha wagonjwa, kuwageuza wasitoke vidonda mgongoni, kupima joto, kulisha wenye mikono haina nguvu. Ni kazi inaingia mpaka kwa mifupa. Jioni nikifika kwa chumba nilichopanga, nilikuwa naweka miguu ndani ya beseni ya maji ya chumvi, naweka ubao juu ya magoti, naandika mapenzi. Msichana wa hadithi yangu anavaa nguo safi kila siku na hakuna mtu anamtapikia.

Hadithi zilikuwa za redio moja ndogo ya Kitale. Mtangazaji alikuwa anazisoma Jumamosi jioni, wakati watu wako jikoni, na miaka hiyo simu za mkono zilikuwa zimeanza kufika mpaka kwa wauza mahindi, kwa hivyo hadithi ikiisha, meseji zinaingia. Ijumaa nikitoka zamu ya asubuhi, nilikuwa napanda gari mpaka Kitale, nampatia karatasi mkononi, halafu naenda kwa mama yangu kulala. Malipo haikuwa kitu ya kuongea. Lakini nilikuwa nimesikia sentensi yangu ikitoka kwa redio ya muuza mitumba sokoni, na yeye ameacha kupanga viatu asikilize. Hiyo kitu ikikupata mara moja, bana, huwezi rudi nyuma.

Sasa Jumamosi iliyopita nilikuwa nimeharibu. Hadithi ilikuwa ya kijana wa Bungoma na msichana wa huko huko. Kijana amekataliwa na mama wa msichana. Mwishowe mama anagonjeka, mto umejaa, hakuna gari, na kijana anambeba mama mkwe wake mgongoni, anavuka naye mpaka hospitali. Mama yangu alilia. Sisi ni Wakikuyu wa Kitale, babu alikuja huku kutafuta shamba, na kwetu ukibeba mama ya bibi yako mgongoni watu watasema umelelewa vizuri.

Meseji za upande wa Bungoma hazikulia. Mtangazaji alinisomea zingine kwa simu, akicheka mpaka akakohoa. "Huyo mwandishi ametoka nchi gani?" "Ambebe mkwe mgongoni, na miguu ashike wapi?" "Bora mama angekufa na heshima yake."

"Dada, umetukana wilaya nzima," akaniambia. "Mimi nimecheka lakini mkubwa wangu hajacheka. Niletee mwisho mwingine Ijumaa. Usipoleta, ile nafasi nitapatia mwalimu fulani wa Kiminini, ameniandama sana."

Kwa hivyo wiki hiyo yote nilikuwa nageuza wagonjwa na nageuza hiyo hadithi, na hadithi ndiyo ilikuwa nzito zaidi.

Wiki hiyo hiyo tulikuwa na kukhu mmoja kwa kitanda cha karibu na mlango. Kukhu ni nyanya, kwa lugha ya huko. Sisi nyumbani tunasema cucu. Alikuwa ameteleza akitoka kisimani, mguu ukavunjika, ukawekwa plasta mpaka juu ya goti. Vijana wake walikuwa Nairobi, na walikuwa wanatuma salamu. Chakula ya hospitali alikuwa anaiangalia tu, halafu anaangalia ukuta.

Jumatatu hiyo, saa ya kuona wagonjwa, nikaona mwanaume mmoja mzima, ana gambuti miguuni na koti ya zamani, amesimama huko nje karibu na mfereji, ameshika themosi kwa mikono mbili. Nikamuuliza anatafuta nani. Akataja kukhu, lakini alimtaja kwa macho tu, kuelekea mlango wa wodi, akaangalia chini. Nikasema huyu ni mwoga wa hospitali, wanaume wengi wako hivyo. Nikamshika mkono wa koti.

"Kuja bwana, mgonjwa wako hajakula tangu asubuhi. Hatuumi watu."

Akasema kitu lakini mimi nilikuwa tayari natembea. Nikamvuta mpaka ndani ya mlango, mbele ya kitanda kabisa.

Kukhu alifunika uso kwa shuka kama mtu ameona moto. Yule mwanaume akageuka haraka akagonga mlango, themosi ikaanguka, uji ya wimbi ikamwagika kwa sakafu nilikuwa nimetoka kupiga deki. Akatoka mbio. Wodi nzima ikageuza shingo, hata wale wenye walikuwa wakilia na maumivu.

Sista alikuja na akaona yote bila kuuliza. "Huyo ni mkwe wake," akaniambia pole pole. "Ameoa binti yake. Hawaangaliani uso, hawasalimiani mkono, hawakai chumba moja. Na wewe umemleta mpaka kitandani." Nilifikiri ataniita jina mbaya. Akanipatia tu kitambaa cha kupangusa. "Binti mwenyewe alikufa kitambo, na bado analeta uji. Umeona?"

Nilipangusa hiyo uji mpaka sakafu ikang'aa, na bado nilikuwa napangusa.

Nilijua hatarudi. Kesho yake nikachungulia nje kila mara, na saa ya kuona wagonjwa ilipofika, nikamwona. Hakukuja kwa mfereji. Alisimama huko kwa ua, chini ya ile miti ya misaipras, mbali kabisa na mikono yangu. Nikaenda nimeinamisha kichwa kama mtoto wa shule.

"Baba, nisamehe kwa jana."

"Wewe si wa huku," akasema, kama mtu anamtetea mwingine. Akanipatia themosi, na ilikuwa mpya. "Mwambie sijaweka sukari mingi. Ya jana ilikuwa na sukari mingi. Bora ilimwagika."

Hapo ndipo nilipewa kazi mpya. Kutoka misaipras mpaka kitanda si mbali, na huyo mtu alikuwa na sauti ya kuita ng'ombe. Kukhu alikuwa anasikia kila kitu. Lakini lazima ipitie kwangu.

"Mwambie mama kwamba ndama amepona."

Kukhu, uso kwa ukuta: "Mwambie huyo mtu asimpatie maji baridi."

"Kukhu anasema usimpatie maji baridi."

"Nimesikia. Mwambie simpatii."

"Kukhu, anasema hampatii."

"Anasema tu. Mwambie namjua."

Na nikirudi na hiyo ya namjua, mwanaume anacheka akiangalia gambuti zake. Mimi nilikuwa na vitanda vingine vya kutandika, na kwa kawaida ningekuwa nimekasirika, si muongee tu. Lakini nilianza kutembea pole pole, ndio maneno isimwagike njiani.

Alhamisi mvua ilikuja saa hiyo hiyo ya wageni. Ile mvua yetu ya mchana, haina salamu, inaanguka tu. Wageni wote wakakimbilia ndani. Yeye akabaki kwa ua. Misaipras haifuniki mtu. Baraza ilikuwa hapo, lakini baraza ni mlango, na mlango ni kitanda cha kukhu.

"Ako wapi?" kukhu akauliza.

"Ako kwa mvua."

"Mwambie akuje kwa baraza."

Nikaenda, nikarudi nimelowa. "Amekataa kukhu. Anasema utamwona."

Kukhu akasikiliza mvua kwanza. Halafu akajivuta, plasta na yote, mpaka uso ukaangalia ukuta, akachukua shuka akajifunika mpaka juu ya kichwa.

"Mwambie nimelala."

"Umelala, kukhu?"

"Si nimekwambia nimelala? Ama mtu amelala anaulizwa maswali?"

Nikakimbia tena. "Baba, kuja kwa baraza. Kukhu amelala."

Akaangalia mlango. Akaniangalia mimi, kama anataka kujua mimi ni mtu wa kuaminiwa ama ni yule wa Jumatatu. Halafu akakuja. Akasimama kwa mlango akiangalia nje, mgongo ndio uko ndani, maji ikitoka kwa koti ikidondoka kwa sakafu, na nikasema kwa moyo, dondoka tu.

Akaanza kuongea na mvua. Akaambia mvua mahindi ya nyumbani Matulo imeanza kutoa nywele. Akaambia mvua kisima kimefunikwa na mbao, mtu hatateleza tena. Halafu akakamua pembe ya koti, na nikafikiri amemaliza.

"Na pale kwake nimelima," akasema. "Nyasi ilikuwa imeingia. Sasa ni safi."

Hakusema pale kwa nani, wala hakutaja kaburi. Shuka ikatingika. Kutoka ndani nikasikia kukhu, sauti ndogo sana: "Mwambie asante."

Nikafungua mdomo. "Baba, kukhu anasema..."

"Usiniambie," akasema bila kugeuka. "Amelala."

Akangoja mvua ipungue, akachukua baiskeli yake, akaenda. Na mimi nilisimama hapo na karai mkononi nikijua hadithi yangu imepata mwisho. Kijana anasimama nje kwa mvua. Mama mkwe anajifunika shuka. Hakuna mtu anabebwa mgongoni, na Bungoma yote italia pamoja na mama yangu.

Jioni nilipoenda kumgeuza kukhu, akanishika mkono.

"Ati wewe ndiye wa redio? Yule wa kubeba mkwe mgongoni?"

"Ni mimi, kukhu."

Alicheka mpaka nikaogopa plasta. "Huyo wangu angenibeba, ningekufa njiani. Si mguu. Aibu." Akapangusa macho. "Sasa utamalizaje?"

Ningemwambia hapo hapo. Sentensi ilikuwa kwa ulimi. Lakini Sista alikuwa kitanda cha pili akihesabu matone ya dripu, na hakuniangalia, na hiyo ya kutoniangalia ndiyo ilinishinda. Nikasema bado sijui. Nikamfunika miguu, nikaenda nyumbani.

Niliweka miguu kwa beseni, ubao kwa magoti, nikaandika. Ilitoka yenyewe kama maji ya mfereji. Nikabadilisha ng'ombe ikawa mbuzi. Nikatoa Matulo nikaweka mlima Elgon. Nikatoa plasta nikaweka malaria. Halafu nikasoma kwa sauti, na bado alikuwa ni yeye, na koti yake. Nikafikiria huyo mama wa dirishani akinyamaza nikiingia. Nikafikiria kukhu kwa jiko yake huko Matulo, mguu umepona, redio imefunguliwa, na jirani wote wanajua kwamba siku ile hakuwa amelala. Yeye na mkwe wake walikuwa wametengeneza hiyo usingizi wenyewe, na mimi ndiye walipatia kuibeba. Hawakunipatia kuipeleka Kitale.

Lakini pia sikutaka kuichoma. Sista anataka nichague wodi, mtangazaji anataka nichague redio, na mimi nilikuwa nimechoka kuchagua kama kwamba nina mikono miwili ya watu tofauti. Mkono wenye unageuza kukhu ndio huo huo unaandika.

Maji ikapoa kwa beseni. Nikakunja karatasi, nikaamua. Kesho asubuhi nitafika mapema, kabla ya ripoti, nimwambie Sista kwanza, kabla asome kwa uso yangu. Halafu nitachemsha maji ya kumwosha kukhu, na nikimchana nywele nitamsomea yote, polepole, mpaka mahali pa shuka, nimuulize. Akikataa, karatasi itabaki kwa mfuko wangu na mwalimu wa Kiminini achukue Jumamosi. Akikubali, bado sitapanda gari ya Kitale nikitoka zamu. Nitakaa pale kwa misaipras, mimi nisiyejua kungoja, mpaka saa ya wageni, mpaka baiskeli ifike, nimuulize na yeye.