Kampuni Iliyotaka Marehemu Ajithibitishe

Nilifika Sumbawanga nimepakata mashine ya gemu kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Nilitoka nayo Mwanza, nikapanda treni Tabora, nikakwama Kaliua siku nzima nikisubiri behewa la Mpanda, na kutoka Mpanda nikaingia basi la kupandisha Ufipa. Begi la nguo nililiacha liende kwenye buti. Mashine nilikataa. Niliiviringisha kwenye blanketi nikaiweka mapajani, na kila basi lilipodunda, mikono yangu ilidunda nayo.

"Hiyo redio?" mama aliyekaa pembeni yangu aliniuliza tulipoiacha Namanyere.

"Hapana mama, ni mashine ya mpira."

"Ya kujaza upepo?"

"Ya kuchezea."

Akaitazama mashine, kisha akanitazama mimi na mvi zangu za kwanza. "Haya," akasema, "na wewe umekua hivyo."

Sikuwa na sababu kubwa ya kwenda huko. Mimi sikai mahali. Nimeishi miji saba tangu nimalize kidato cha nne, na kila mji nimeuacha kabla haujanizoea. Nilisikia Sumbawanga kuna baridi, watu wanalima, na mvua zikianza uwanja wa mpira unageuka tope hadi Aprili. Nikawaza, vijana hao watacheza wapi?

Nikapanga fremu mtaa wa Kizwite, kando ya barabara, katikati ya kinyozi na mama anayeuza mahindi ya kuchemsha. Nikaweka televisheni, mabenchi mawili na mashine yangu. Vijana walikuja siku ya kwanza na makoti yao na viatu vyenye udongo wa shamba, na kabla ya wiki kwisha walikuwa wamenifanyia jambo ambalo sikuwahi kuliona katika mji wowote. Walizikataa timu za Ulaya. Gemu lile lilikuwa na sehemu ya kutengeneza timu yako mwenyewe, ukaipa jezi, ukachora wachezaji sura, kimo na rangi. Wakatengeneza Kizwite. Walipomaliza wakatengeneza Pito, maana vijana wa Pito walikuja wakalalamika. Kisha Kate, kwa sababu mmoja wao alikuwa na wajomba huko. Kila mchezaji alikuwa mtu wa kweli anayetembea barabarani. Kiungo wa Kizwite alikuwa yule kinyozi wa jirani, na alipewa kitambi chake.

Ligi ilichezwa Jumapili baada ya misa ya pili, msimu wote wa mvua.

"Pito mnacheza kama mnapalilia!"

"Nyamaza, mshikaji. Kinyozi wenu amechoka dakika ya kumi."

"Amechoka kwa sababu asubuhi amewanyoa nyie."

Golikipa wa Pito alikuwa dereva wa bodaboda, kijana mpole wa miaka ishirini na kitu, mwenye masikio makubwa ambayo aliyachora mwenyewe bila kuyapunguza. Ndiye aliyekuwa na barua pepe peke yake kati yetu, aliifungua alipokuwa akitafuta kazi. Kwa hiyo mwaka ambao diski ya zamani ilichakaa, nikanunua gemu jipya, na gemu jipya likakataa kuhifadhi timu zetu mpaka tujisajili kwenye mtandao, sote tulimgeukia yeye. Akatoa barua pepe yake na namba yake ya simu. Akaunti ikawa moja kwa mtaa mzima. Hakuna aliyeona ajabu. Jembe la kualikana shambani lina mwenyewe, lakini wanaolishika ni wengi.

Hapa lazima niseme la moyoni. Mashine niliyoijua utotoni, Morogoro, ilikuwa ya kaseti. Unapuliza vumbi, unachomeka, unawasha, unacheza. Haikukuuliza jina lako. Ukishainunua ni yako kama sufuria ilivyo yako. Nani aliwaomba hawa watu wabadilishe? Leo unanunua boksi kwa jasho lako, unalipeleka nyumbani, na ndani yake anaendelea kukaa mtu mwingine mwenye funguo. Anaingia anapotaka, anabadilisha anachotaka, na wewe unabofya "nakubali" chini ya kurasa arobaini za Kiingereza ambazo hata hakimu hawezi kuzimaliza. Mkulima wa Ufipa anayajua haya kuliko mimi. Ulezi wake anautoa kwenye kihenge, anapanda, anavuna, anamgawia jirani mbegu. Mahindi ya dukani akirudia kupanda aliyovuna, mavuno yanamcheka, kwa hiyo kila msimu anarudi dukani. Programu za kampuni ni mahindi yale.

Aliyenifundisha kwamba kuna pia ulezi wa kompyuta ni dada mmoja mwenye stesheneri mita chache kutoka kwangu. Alikuwa katibu muhtasi ofisini kwa miaka mingi kabla hajafungua duka. Kompyuta zake zilikuwa mitumba iliyotupwa na ofisi, nazo zilikuwa zimeanza kumwandikia kila asubuhi kwamba leseni imekwisha. Akafuta kila kitu, akaweka mfumo huria, ule ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuufungua, kuusoma, kuurekebisha na kumpa mwenzake.

"Kaka, hawa wameandika na wameacha mlango wazi," aliniambia. "Ukiona kosa unaingia unalirekebisha. Hata wewe."

"Mimi wa kidato cha nne?"

"Kwani mimi nina cha ngapi?"

Nilicheka tu. Yalikuwa hayajanifika bado.

Golikipa wetu alikufa mwanzoni mwa kiangazi, kwa ajali ya pikipiki. Sitaieleza. Tulimzika Pito, na siku ya kumaliza matanga ndugu wakagawana vitu vyake kama ilivyo desturi. Koti kwa mdogo wake, viatu kwa binamu, simu kwa mjomba wake wa Kate. Mjomba akatoa laini akaitupa, akaweka yake.

Mvua ziliporudi na ligi ikaanza, Jumapili ya kwanza mama yake akaingia kwenye fremu yangu. Alikuwa na kitenge cha kanisani na mwavuli.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Wameniambia mwanangu yumo humu."

Nikampisha benchi la mbele. Pito walikuwa wakicheza na Kate. Kamera ikamsogelea golikipa, na masikio yale yakajaa kwenye kioo. Mama akashika mdomo. Kisha akasema jambo kwa Kifipa, pole pole, na kijana mmoja wa Pito akamjibu kwa Kifipa, na sikuuliza tafsiri. Tangu hapo alikuja kila Jumapili. Alijifunza kona ni nini. Alijifunza kuotea, ingawa alikataa kuikubali. Alimgombeza kinyozi kwa kupiga mashuti makali. "Wewe, na umri huo, unampigia mtoto hivyo?" Kinyozi wa kweli, aliyekuja kutazama, aliomba radhi kwa dhati.

Mwaka uliofuata, Jumapili moja mashine ikawaka na maandishi mapya. Ili kulinda akaunti yako, thibitisha kwamba ni wewe. Tumetuma namba ya siri kwenye simu yako.

Tulipiga namba ya simu ya marehemu. Ilikuwa imeshauzwa kwa mtu mwingine, mzee wa mkoa wa mbali aliyekuwa akichunga ng'ombe, na alikuwa amechoka nasi kabla hatujaanza. "Nimepata meseji za kizungu nikafuta! Nyie ni matapeli! Niacheni!" Akakata. Hakupokea tena.

Timu zote zilikuwa upande wa pili wa namba ile. Kizwite, Pito, Kate. Mashine ikatuwekea timu yake yenyewe, na golini alisimama mzungu asiye na jina.

"Huyu ni nani?" mama akauliza.

"Simjui mama. Wamefunga. Wanataka mwenye akaunti athibitishe."

"Si waambiwe amefariki?"

"Watu wenyewe hawapo. Kuna anwani ya kuandikia."

"Basi tuandike," akasema, kana kwamba nimemwambia ofisi iko Kate.

Tukaandika kwenye stesheneri, Kiingereza changu cha shule kikiongozwa na dada. Mama alikuja na cheti cha ubatizo cha marehemu. Akaenda kwa mtendaji wa mtaa, akarudi na barua ya utambulisho yenye picha ya pasipoti na muhuri wa bluu uliogongwa nusu juu ya uso wake, inayosema mama huyu ni mzazi halali wa marehemu na apewe ushirikiano. Tukaskani vyote. Mwandikiwa wa barua ile alikuwa kampuni ambayo sidhani ina mtu anayejua mtaa ni nini.

Kisha tukabishana kuhusu maneno.

"Kaka, usiandike yote," dada alisema. "Sema tu ni akaunti ya marehemu, mama anaomba."

"Andika kweli yote," mama akasema. "Ofisini ukificha kitu wanakurudisha mwanzo."

Nikamsikiliza mama. Miaka yote ya kuhamahama nimejifunza hivyo hivyo, kwamba ukifika kwa mwenye muhuri unaeleza ulikotoka, na mnaishi vipi, na ni nani na nani. Nikaandika kwamba akaunti hii ni ya kijana wetu lakini inatumiwa na vijana wote wa Kizwite na Pito, kama watu thelathini hivi, kwenye banda langu, kila Jumapili, na kwamba sote tunaomba kwa heshima. Niliona hoja hiyo ina nguvu. Watu thelathini wanamtaka mtu wao. Nani angekataa?

Jibu la kwanza lilikuja baada ya dakika moja, kwa hiyo hakuna mtu aliyeisoma barua yetu. Lilisema wanajali faragha yetu. Lilisema mwenye akaunti awasiliane nao mwenyewe.

Jibu la pili lilikuja siku ya nne. Tumebaini kwamba akaunti imetumiwa na watu wengi na kwa biashara, kinyume cha masharti. Imefungwa moja kwa moja. Vilivyohifadhiwa vimefutwa. Uamuzi huu hauwezi kukatiwa rufaa.

Nilisoma mara tatu. Muhuri wa bluu, cheti cha ubatizo, watu thelathini, na wao walichokiona ni kosa letu la kushiriki. Hata mwizi anasomewa shtaka mbele ya mtu. Sisi tulihukumiwa na kitu kisicho na mlango wa kugonga wala kiti cha kukalia, kwa ushahidi nilioutoa kwa mkono wangu mwenyewe, kwa adabu. Nilitaka kumtukana mtu na hapakuwa na mtu. Nikapiga ukuta wa fremu mpaka kinyozi akaja kuuliza kuna nini.

Nilikwenda Pito siku hiyo hiyo. Mama alikuwa shambani akifukia majani kwenye matuta. Nilimwambia nikiwa nimesimama.

"Ni barua yangu, mama. Ningeficha, wasingefuta."

Akanyoosha mgongo. "Mimi ndiye nilikwambia usifiche."

"Nilijua hao ni watu wa namna gani. Wewe hukujua."

"Nimewaambia kweli na wamenifutia mwanangu." Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha akarudi kwenye tuta. Niliondoka nikimwacha ameinama.

Jumapili iliyofuata hakuja, wala iliyofuatia. Vijana walijaribu kutengeneza timu upya kwa akaunti yangu, wakaacha katikati. Hakuna aliyetaka kumchora. Banda likabaki na watoto wa shule wanaochezesha timu za Ulaya, na mimi nikaanza kuangalia ratiba za mabasi, ugonjwa wangu wa siku zote. Safari hii nilikuwa nakimbia.

Wiki ya mwisho dada wa stesheneri aliniita. Kwenye kompyuta yake chakavu alikuwa ameweka gemu huria la mpira. Picha zake mbaya, watu wanakimbia kama wamevaa gumboti. Lakini alinionyesha faili la maandishi matupu, jina moja kila mstari, na mbele ya jina namba za kimo, kasi, mikono. Hakuna namba ya siri, hakuna "nakubali".

"Masikio hayawezi kukua kama yake," alisema. "Bado. Ila nimeshamtumia ujumbe mmoja wa walioliandika, na mimi najifunza kulirekebisha. Nimemtuma mtu amwite mama."

"Hatakuja," nikasema.

Asubuhi ya kuondoka nilipeleka ufunguo wa fremu kwa mwenye nyumba, nikapita stesheneri kuaga. Mama alikuwa ndani. Alisimama katikati ya duka, mwavuli umeegemezwa kwenye mashine ya fotokopi, mikono yote miwili juu, na dada alikuwa mbele ya kioo akiandika namba kwenye faili lile.

"Mipira ya juu anachelewa," mama alisema. "Anaruka ikishapita. Baba yake alikuwa hivyo hivyo."

"Kwa hiyo nipunguze hapa?"

"Punguza. Usimpe asichokuwa nacho." Akaniona mlangoni. Hakushusha mikono. "Baba, umesimama hapo, basi lako saa ngapi?"

"Saa nne, mama."

"Basi nenda." Akamgeukia dada. "Tena punguza. Hapo bado anadaka."