Mchapaji aliyeambiwa achape tu

Kwa maelezo ya fundi viatu, jana mchapaji alimtimua mwalimu dukani mchana kweupe. Karatasi zilipaa mpaka barabarani, mwalimu akatoka kama kuku aliyemwagiwa maji, na mchapaji akabaki mlangoni anatema moto. Fundi anashona kandambili barazani, hatua tatu kutoka duka la nakala, na anaapa ameyaona yote kwa macho yake mawili.

Ndani ya duka mchapaji haachi kuchapa. Vidole vinaruka juu ya kibodi, macho yako kwenye karatasi ya mteja. Lakini kila neno la barazani linamfikia.

"Hakuna karatasi iliyopaa," anasema. "Hiyo ni chuku, kutia chumvi. Kuku aliyemwagiwa maji ni tashbiha, kwa sababu amesema 'kama'. Natema moto ni sitiari, maana 'kama' haipo. Mimi nilimwomba mwalimu atoe neno moja tu, na nilimwomba nimekaa."

Fundi anacheka huku akigonga soli. Anasema siku hizi binti huyu humsalimii ovyo, atakwambia salamu yako ni ya aina gani.

Yeye hacheki. Wiki hii hakuna kinachomchekesha.

Wateja wanamwita Vidole. Ana miaka saba katika chumba hiki chenye kompyuta moja, feni inayopeperusha kila karatasi isiyokandamizwa, na mashine mbili za nakala, moja ikiwa mgonjwa wa kudumu. Shule aliishia darasa la saba. Kiingereza hakisemi, ila anakijua kwa macho, jinsi mtu anavyozijua sura za mtaa mzima bila kujua majina.

Kila mwaka mwalimu wa Kiingereza wa sekondari ya jirani humletea maelezo yake ya istilahi za fasihi, kurasa sita. Kila istilahi na maana yake, kila maana na mfano wake. Wanafunzi wakija kuchukua nakala husomeana pale kaunta na kutafsiriana kwa Kiswahili, wakibishana ipi ni ipi. Vidole husikiliza huku akibana pini. Darasa lake limekuwa hilo.

"Mwaka wa kwanza nilichapa tu," anasema. "Mwaka wa tatu nikaanza kumkamata mama yangu. Ananiambia nyumba nzima imekufa njaa. Namwambia, Mama, hiyo chuku, nyumba nzima ni mimi na wewe, na wewe umekula."

Muhula huu mwalimu alitaka mifano mipya. Aliandika upya kwa mkono, mwandiko wa miguu ya kuku, na haraka yake ilionekana mpaka kwenye wino. Vidole alipofika kwenye tashbiha alikuta mfano wa mtu ambaye moyo wake ni jiwe. Akashuka kwenye sitiari, akamkuta msichana anayekimbia kama upepo. Hata maana zilikuwa zimehamiana nyumba.

Alifungua maelezo ya mwaka jana kwenye kompyuta, akalinganisha, kisha akamwonyesha mwalimu. Mwalimu alikuwa anaongea na simu. Akaifunika kwa kiganja, akamwuliza aliishia darasa la ngapi. Vidole akamwambia.

"Basi, dada, chapa tu," mwalimu akasema, akarudi kwenye simu yake.

Alichapa. Nakala mia mbili na arobaini, kidato cha pili kizima.

Wiki tatu baadaye ulikuja mtihani wa pamoja wa shule tano, unaosahihishwa na walimu wa nje. Kidato kizima kilijibu kinyume, wote sawasawa, kwa kujiamini. Mkuu wa shule akataka kujua kosa limetoka wapi. Mwalimu akajibu mbele ya wenzake kwamba hayo ndiyo matokeo ya kuwapa kazi wachapaji wasiosoma.

Maneno hayo yalifika dukani siku hiyohiyo. Tangu Jumatatu kila anayekuja kutoa nakala ya kitambulisho ana swali la pembeni. Juzi mzazi mmoja alisimama kaunta, hakuwa na karatasi wala shida yoyote, akamtazama Vidole kutoka kichwani mpaka kwenye viatu, akauliza kama ndiye aliyemfelisha mwanawe. Vidole alimwuliza kama anataka nakala. Mzazi akasema hataki. Akaambiwa basi asogee, nyuma kuna watu.

"Nimechoka kuonewa huruma na nimechoka kulaumiwa," anasema, "na wote wanakuja saa ya kazi."

Mama mwenye duka hakufoka. Alisema taratibu tu kwamba mkuu wa shule akiipeleka mitihani ya mwisho wa muhula kwenye duka lingine, kazi itakayobaki hapa itatosha mikono miwili tu, na mikono hiyo itakuwa yake mwenyewe. Mkuu ameahidi kuamua Ijumaa. Leo ni Alhamisi.

Ushahidi upo. Vidole hutunza kila karatasi iliyoandikwa kwa mkono kwenye boksi nyuma ya mashine mbovu. Anaivuta ile ya mwalimu, anaikung'uta vumbi. Wino wa bluu, moyo wa jiwe mahali pasipo pake, na chini kabisa sahihi ya mwalimu. Fundi viatu amemshauri aibandike mlangoni. Mama mwenye duka amemwambia aipeleke kwa mkuu. Hataki yote mawili.

"Watu wanatuletea barua za talaka hapa. Wanatuletea vyeti wanavyovionea haya. Nikimwanika mmoja, nani ataniachia karatasi yake tena? Aliyesema ndiye arudi aseme."

Na jana alirudi. Hapo ndipo simulizi ya fundi inapotofautiana na yaliyotokea.

Mwalimu aliingia taratibu, akasubiri mteja aondoke, akaweka kaunta karatasi moja. Ilikuwa barua kwa mkuu wa shule. Alisema amefikiri sana. Vidole akaipokea kwa mikono miwili, akakaa, akaanza kuchapa. Anwani, tarehe, salamu. Halafu akaufikia mstari wenyewe: *Kama kulikuwa na kosa katika maelezo niliyoandika, naomba radhi.*

Vidole vikasimama.

"Nikamwambia, Mwalimu, hiyo kama. Kwenye maelezo yako 'kama' kazi yake ni kufananisha. Hapa umeiweka ikukingie mvua. Mkuu akiisoma atajua kuna kosa, lakini hatajua ni la nani. Naomba uitoe."

Mwalimu alichukua kalamu kaunta. Akaibonyeza, akairudisha. Akatazama nje, ambako fundi viatu alikuwa ameacha kugonga ili asikie vizuri. Kisha akasema ana kipindi, akatoka. Hakulowa na hakukimbia.

Barua bado iko wazi kwenye kompyuta. Anachapa kazi za wengine juu yake, na kila akimaliza moja barua inajitokeza palepale. Herufi nne tu zinazuia. Kidole kimoja kingezimaliza, na mstari uliobaki ungesimama wenyewe bila kurekebishwa chochote.

"Ningeweza," anasema. "Lakini barua si yangu. Mimi si nachapa tu?"

Anachotaka si kikubwa: mkuu apelekewe barua kabla ya kesho saa nne, na yeye Jumatatu akikalie hiki kiti. Mwakani, maelezo yakija tena, anataka amsomee mwalimu ukurasa wa kwanza kwa sauti kabla hajagusa kibodi, simu ikiwa mfukoni.

Asubuhi, kabla ya kufungua mlango, alimtumia mwalimu ujumbe wa maneno mawili kuhusu ile 'kama': *Mwalimu, niifute?*

Simu iko pembeni ya kibodi, uso juu. Ujumbe umesomwa saa mbili na dakika tano. Barazani fundi anamweleza mteja mpya jinsi karatasi zilivyopaa, na sasa zimefika mpaka juu ya paa.