Diski za Kufukuza Ndege

Watu wanadhani kazi ya video za harusi ni kazi ya furaha. Thubutu! Mimi niliyeifanya miaka mingi, nikipiga picha kambini Nakivale na kuja kuzihariri Mbarara, kwenye chumba nilichopanga nyuma ya duka la simu, najua ni kazi ya kukaa peke yako na nyuso za watu. Unajua nani alilia machozi ya uongo, nani alilirudia sinia la nyama akijifanya anamtafuta mtoto. Nilikuwa nacheka peke yangu mle ndani. Harusi moja ilinikata kicheko.

Ilikuwa ya binti wa jirani yetu, mama wa Kivu Kusini kama mimi, mkulima wa mtama na mkaidi kupita kiasi. Kwetu mjomba wa bibi harusi hakai nyuma. Wakati wa zawadi anaitwa kwa jina lake, la baba yake na la kijiji chake, anakuja mbele, anaweka mkono kichwani mwa mtoto. Asipoitwa, watu watasema msichana ameokotwa. Sasa mjomba huyu aliishi kambini kwa jina lisilo lake. Kule nyumbani aliwaona kwa macho watu wenye bunduki wakichoma kijiji, akawataja mbele ya mahakama, na tangu hapo walikuwa wanamtafuta. Sisi majirani tulijua, tukafunga midomo. Lakini siku ya harusi dada yake alimwambia mwenye kipaza sauti amwite kwa jina la kweli, maana mtoto wake hataolewa kama yatima. Akaitwa. Mzee akasita, akatazama viatu vyake, halafu akaja. Nami nikampiga picha, ndiyo kazi niliyoitiwa.

Kuhariri hakukunisumbua. Kuchoma diski ndiko kulikonitoa jasho. Diski ya kwanza ilicheza vizuri, kanisani, chakula, ngoma, hadi zawadi. Mzee anaitwa, anakuja, anainua mkono, unatua kichwani mwa mtoto, basi. Picha imeganda. Nikasema diski ni za bei ya chini, nikanunua za aina nyingine. Ikaganda palepale. Nikapunguza mwendo wa kuchoma. Palepale. Nikadhani kompyuta inapata joto, nikaifungua kifuniko na kuielekezea feni. Nikasema labda ni umeme unaoyumba, nikangoja siku ulipotulia. Palepale, uso uleule, macho yameelekezwa kwangu. Nakwambia niliogopa, na mimi si mwoga.

Mwishowe niliona kosa. Kanda ya kamera ilikuwa imekwaruzika kwenye kipande kile kile. Kompyuta ilikivumilia, diski ikawa inakwama nacho. Nilikuwa na uwezo wa kukitoa upya kutoka kwenye kanda, polepole, hadi kikubali. Nikaenda Nakivale kumweleza mama mtu kwamba angoje kidogo. Mzee alikuwepo, anapepeta maharage. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mutoto wangu," akasema, "kama inakataa pale, usiilazimishe. Unikate mule."

Dada yake alinuna, lakini hakubisha. Nikamkata. Diski zikacheza moja kwa moja, zikapelekwa kwa ndugu walioko Ulaya na wengine kule nyumbani. Kwenye kompyuta nikakifuta kipande kile, na kanda nikairekodia harusi nyingine, kama tulivyofanya siku zote. Nikashusha pumzi.

Zilibaki zile zilizoharibika. Kambini diski mbovu haitupwi, inafungwa kwenye kamba shambani, inameremeta na kufukuza ndege. Mama yule akaziomba, zilikuwa za harusi ya mwanawe. Nilimwambia kwanza azikwaruze kwa msumari. Akaniambia zikikwaruzwa hazitametameta. Jamani! Akazining'iniza katika mtama wake, kando ya barabara ya kwenda Rwekubo, pale fasi watu mingi wanapita, na kila moja ina maandishi ya kalamu yangu: jina la binti na la lile duka la simu.

Siku moja nilipita nikaona pengo kwenye kamba. Nikamuuliza. Akasema ni upepo. Nilimjibu vibaya, nikamuuliza ni upepo gani unaofungua fundo. Akanigeuzia mgongo, akaendelea kupalilia.

Haikupita muda, mwanamume akaingia chumbani kwangu Mbarara. Shati limepigwa pasi, heshima tele, Kiswahili cha kwetu kabisa. Akaweka diski mezani. Uzi ulikuwa bado kwenye tundu. Akaomba nimtengenezee, inakwama. Nikaiweka kwenye mashine. Mzee akaitwa kwa jina lake, akaja, akaganda. Mgeni hakuitazama mashine hata kidogo. Aliutazama uso wa mzee. Nikamwambia imekufa, haitengenezeki.

"Haina shida, mama," akasema. "Tulitaka tu kujua kama njo yeye kweli."

Akaifuta kwa mkono wa shati, akashukuru, akatoka.

Nilipiga simu ya mama yule, imezimwa, iko Rwekubo inachajiwa. Nikachukua pikipiki hadi kambini. Mzee aliponiona tu alisimama. Dada yake alitaka apike kwanza, akakataa, akavaa koti na kushika njia ya Kikagate, upande wa Tanzania. Hatujapata habari zake tena. Sijui kama ana jina la tatu mahali fulani, au walimfikia njiani.

Baadaye dada yake alinijia, amekonda, akaomba kile kipande nilichokata, maana hakuwa na picha nyingine ya kaka yake. Nikamwambia sina. Akaenda shambani, akakata kamba, akazileta diski, akaziosha kwa sabuni. Tukaenda kwa jirani mwenye sola na deki. Zote zilikuwa zimeungua kwa jua, isipokuwa moja.

Kanisa, chakula, ngoma. Akaitwa jina lake na la baba yake na la kijiji chake. Mkono ukatua kichwani mwa mtoto, picha ikaganda. Jirani akainuka kuzima.

"Acha," mama yule akasema. "Acha palepale."

Nje ndege walikuwa wameshaingia kwenye mtama, nasi tukawaacha wale.