Mkono Wangu Ulipovuja Maji, Kila Mtu Akawa Daktari

Mteja aliinua kichwa kutoka kwenye sinki, povu likimtiririka shingoni, akaniuliza taratibu:

"Dada, haya maji ni ya bomba au ya mkono wako?"

Vikaushio vya nywele vikazimwa kimoja kimoja. Ungedhani hata umeme umekatika.

Nikautazama mkono wangu wa kulia. Ulikuwa unavuja kweli. Si damu, si usaha. Majimaji mepesi, yanatoka kwenye vipele vilivyopasuka kuanzia vidoleni mpaka juu ya kifundo.

Kazi yangu ni kuosha vichwa. Kusuka sijui, kukata sijui. Mkono ukigoma, sina kazi.

Bosi wetu, tunamwita Madam, akaniita nyuma ya pazia.

"Nenda nyumbani. Mkono ukikauka, rudi. Usipokauka, usirudi."

Ndivyo nilivyopata likizo.

Naishi kwa shangazi yangu. Pale kwake mtu akiumwa hapewi pole tupu. Kila anayekuja anakuja na dawa yake, na kesho yake anarudi kukagua kama umeipaka. Hujaipaka, basi umemdharau.

Jirani yetu Mama Pacha alileta kitunguu saumu kilichotwangwa. Shemeji, mume wa dada yangu, alileta majivu kwenye kopo la rangi, eti yanakausha. Nikamwambia hata simenti inakausha. Akanuna.

Ila mganga mkuu alikuwa shangazi mwenyewe. Ndimu, siki na chumvi.

"Vitu vya asili havina madhara," alisema huku akikamua.

"Upupu nao ni wa asili, shangazi."

"Nyamaza, lete mkono."

Nikaleta. Jamani. Nilijikuta nimesimama na sijui nimesimama saa ngapi. Nililia mpaka Mama Pacha akaja kuchungulia, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Ikiuma ujue inafanya kazi."

Kwa hesabu hiyo, hata kugongwa na gari ni tiba.

Asubuhi mkono umevimba kama mkate. Nikaufunika na mtandio, nikaaga naenda sokoni, nikakata kona mpaka zahanati.

Nesi hakushangaa, hata nilipomtajia ndimu. Aliuliza tu ninafanya kazi gani. Nilipomjibu akaguna.

"Shampuu kutwa nzima, mikono mitupu?"

Akasema ni ukurutu, wengine wanauita pumu ya ngozi. Hauambukizi, ila una tabia ya kurudi, kwa hiyo unaishi nao kwa akili. Akanipa tyubu ndogo ya dawa ya kupaka kwa muda, na maelekezo ya nyumbani: kitambaa safi cha pamba, ukichovye kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa, ukilaze panapovuja. Kama panawasha sana, loweka kwenye maji yenye shayiri iliyosagwa laini. Pakikauka, paka mafuta mazito yasiyo na manukato. Kucha fupi. Kazini glavu, na ndani yake glavu za pamba.

"Ukiona usaha, au mwili ukichemka, usikae nyumbani, rudi hapa. Na ndimu weka kwenye chai."

Basi nikawa na maisha mawili. Shangazi akinipa bakuli lake nalipokea kwa adabu, "asante shangazi," naingia bafuni, namwaga kwenye tundu la maji machafu. Lile tundu lilitakata mpaka likawa linang'aa. Halafu nakaa kimya na kitambaa changu cha baridi.

Mkono ukatulia. Ukaacha kuvuja, ukakauka, ngozi mpya ikaanza kutokeza.

Hapo ndipo vita ilipoanza.

"Ni ndimu yangu," shangazi akasema.

"Ndimu wapi? Kitunguu kile," Mama Pacha akajibu.

"Naona majivu mmeyasahau," shemeji akadakia.

Wakaunyanyua mkono wangu sebuleni kama samaki wa mnadani. Mimi nikawaitikia wote. Nalala kwa shangazi, nitamuumbuaje?

Sifa zikafika saluni. Mchana mmoja akaingia Madam mwenyewe, amembeba mjukuu wake wa kike. Akautazama mkono wangu, akasema, "Jumatatu uje kazini." Kisha akamgeukia shangazi.

"Nimesikia wewe ndiye uliyemponya. Nisaidie na huyu."

Akamfunua mtoto mikono. Kwenye mikunjo ya viwiko palikuwa panavuja, vilevile kama kwangu.

Shangazi akapanda cheo palepale. Bakuli likaja. Mtoto akamchekea, maskini, hajui kinachokuja.

Nikisema, nyumba sina. Nikisema kwa ukali, na kazi sina, maana Madam hapendi binti anayewavunjia heshima wakubwa.

Ndipo nikakiona kidole cha shangazi. Alikuwa amejikata asubuhi ile na kisu, amekizungushia kitambaa.

"Shangazi," nikasema kwa upole wote niliokuwa nao, "anza kidogo kwenye kidole chako, Madam aone inavyotuliza."

Akaurudisha mkono nyuma mbiombio.

"We mtoto una wazimu? Si unaona nina kidonda? Itaniunguza."



Madam akashusha mikono ya gauni la mjukuu wake, mmoja, kisha wa pili.

"Na huyu ana nini?" akauliza.

Mama Pacha akakumbuka ameacha sufuria jikoni. Shemeji akapata jambo zito sana kwenye simu.

"Twende, Madam," nikasema. "Nikupeleke kwa nesi aliyenitibu. Ndimu za hapa zilinywewa na bafu."

Niliporudi nilitegemea kukuta nguo zangu mlangoni. Wapi. Nilimkuta shangazi uani, anamhadithia Mama Pacha kwa kujiamini:

"Nilimtuma mimi. Nikamwambia, ndimu na vidonda haviendani, mpeleke mtoto kwa nesi." Akaniona. "Au siyo, mwanangu?"

"Ndivyo, shangazi."

Basi wewe unayesoma hapa huku mkono unavuja: akija mtu na bakuli, mwambie aanze kujipaka yeye. Akisita, shika kitambaa safi, maji yaliyopoa, na njia ya zahanati. Na ukipona, jiandae. Utashangaa walivyo wengi waliokuponya.