Mawese Yenye Masikio

Nilipokuwa mtoto, hapa hapa Forest, mtaa wetu huku ughaibuni, niliamini kabisa kwamba mawese yana masikio. Aliyenifundisha ni Nkambo, bibi yangu mzaa mama, alipokuja kututembelea kutoka kijiji kimoja karibu na Kalemie. Kule, alisema, kulikuwa na kinu cha zamani cha kijiji kizima: pipa kubwa la kupondea chikichi, lenye mti mrefu ambao watu waliusukuma wakizunguka. Waliogombana hawakuruhusiwa kuushika kabla ya kupatana, maana mafuta yangewasikia na kujificha.

Kwetu waliogombana walikuwa Maman na mdogo wake, Tantine Béa. Kwenye ubatizo mmoja Tantine alisema mbele ya wageni kwamba sombe ya Maman, ile mboga ya majani ya muhogo, haina chumvi, na tangu hapo hawakusemezana. Niliyeumia ni mimi: binti wa Tantine, Nadine, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, hakuletwa tena kwetu.

Jumamosi moja Nkambo alinunua chikichi katika maduka ya Kiafrika ya barabara ya Chaussée de Wavre, akawaita mabinti zake wote wawili uani kwetu. Nadine akaja na mama yake. Chikichi zikachemshwa, zikamwagwa katika kinu chetu cha kutwangia sombe, na wale wawili wakapokezana michi, kila mmoja akitazama ukuta wake. Mimi na Nadine tulichambua kokwa na makapi, bila kuthubutu hata kunong'ona. Kisha rojo la chikichi likatiwa maji, na sufuria ikapandishwa kwenye jiko la gesi. Hakikupanda kitu juu ya maji.

"Mafuta iko inawasikia," Nkambo alisema. "Bon, mimi niko na wakati."

Tulingoja mpaka nikataka kulia. Ndipo Tantine alipomwambia dada yake mkubwa, bila kugeuka, "Yaya, ile sombe haikukosa chumvi."

"Ilikosa," Maman akajibu. "Nilisahau kabisa kutia."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Nkambo akaliinamia jiko kidogo, na haukupita muda mafuta yakaanza kupanda, mekundu, mazito, yakinukia ua mzima. Nadine alilala kwetu siku ile, na furaha yangu haikuwa na mfano.

Nilikuja kuelewa ukubwani, nilipoyapika mwenyewe, kwa nini Nkambo aliinama: moto mdogo haupandishi mafuta, naye alikuwa ameushusha makusudi, akauongeza walipopatana. Nilicheka peke yangu jikoni, nikampenda upya. Siku hizi mimi na Nadine tukinuniana, mmoja wetu hununua chikichi na kumwita mwenzake. Mwenye sufuria huiacha gesi chini, mpaka mtu acheke.