Maji ya Mkaa wa Magunzi

Watu wa Ganako walimcheka Laurencia bila kificho alipoanza kuchoma magunzi ya mahindi ndani ya pipa lililozibwa. Eti mama mzima anachoma mkaa asioupikia! Wacheke tu. Mwenyewe alifanya usafi miaka kumi na miwili kwenye hoteli ya watalii huko Ngorongoro, na fundi wa chujio la maji la hapo alimwonyesha mkaa mzuri unavyotambulika: uweke kiganjani ukiwa mkavu, uuloweshe, ukipata joto, una vitundu vingi vya kunasa uchafu.

Yote hayo ni kwa ajili ya Sifa, mjukuu wake wa miaka minne. Kisima chao kina floraidi, ile chumvi inayotia meno ukahawia na kupinda miguu ya watoto, na Laurencia aliapa kwamba huyu haitampata. Sista wa parokia alimshauri achuje maji kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa. Laurencia alikasirika kweli. Mtoto aliyebatizwa anyweshwe maji ya mizoga? Akabaki na magunzi yake. Mkaa ulipata joto, maji yakatoka meupe, hayanuki, basi akawa anambembeleza Sifa anywe kikombe juu ya kikombe.

Agosti hii miguu ya Sifa ikaanza kupinda. Inosenti, fundi wa maji, alikuja na kipimo, akapima maji ya kisimani, kisha yaliyochujwa. Floraidi ilikuwa ileile. Akaeleza kwa upole kwamba lile joto la kiganjani analolitegemea linatokana na maji yenyewe kujibana kwenye vitundu vya mkaa. Harufu na rangi hunaswa humo, lakini floraidi hupita zake. Inayoiweza ni mifupa.

"Na maji ya mvua?" Laurencia aliuliza.

"Hayo hayana neno, mama. Ungempa hayo."

Jamani, ya mvua! Tangu apate chujio, maji ya tangi alikuwa akiwapa ndama. Sasa tangi limekauka tangu Juni, na mvua ni mpaka Novemba. Akauliza kama miguu itanyooka. Inosenti aliinamia kipimo chake, akasema yeye hajawahi kuona ikinyooka.

Sifa akaingia akiyumba, akaomba maji. Nyumbani hapakuwa na mengine. Laurencia akamchotea nusu kikombe, machozi yanamtoka. Mtoto akagugumia yote.

"Niongeze, bibi."

Laurencia akamwongezea.